Inkscape kwa wachora mashine: zana tano za kuanzia

Kazi yangu ni kuchora vile vitabu vidogo vinavyokwenda na mashine za kusaga na kukoboa: chekeche linakaa wapi, nyundo zinapangwaje, mkanda unakazwa vipi. Msomaji wangu ni mwendesha mashine wa Kondoa au Namtumbo, mikono ina grisi, na hana muda wa kusoma aya tatu. Mchoro usipojieleza wenyewe, hautumiki. Ninatumia Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, toleo la 1.3, na maoni haya ni ya kazi hiyo tu. Anayetaka kutengeneza nembo na kadi za harusi atafute mchambuzi mwingine.

Bei yake ni bure. Siyo bure ya majaribio halafu kila mwezi unadaiwa, bali ni programu huria, iliyochipuka mwaka 2003 kutoka programu nyingine iliyoitwa Sodipodi. Inakubali Windows, Mac na Linux, na mafaili yake ni ya SVG, aina ya faili la mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora. Kompyuta mpakato yangu ni ya mtumba na inaibeba vizuri, mpaka mchoro ujae vipande mia kadhaa ndipo inaanza kuhema.

Upande wa kushoto utakuta safu ndefu ya zana. Usihangaike nazo zote. Ile ya kupulizia sina kazi nayo kabisa. Shika mshale wa kuchagulia (herufi S), mstatili (R), duara (E), kalamu ya Bezier (B) na zana ya nodi (N), ile ya kusogeza nukta zinazounda mstari. Ukizijua hizi kwa herufi zake, nusu ya mafunzo ya video huyahitaji.

Kalamu ndiyo inayowatisha wengi, na bila sababu. Bofya, sogea, bofya tena: umepata mstari ulionyooka. Bofya huku ukiburuta, unapata mkunjo. Enter inamaliza, Backspace inafuta nukta ya mwisho. Utamu wenyewe uko kwenye Ctrl: ukiishikilia, mstari unakwenda kwa hatua za nyuzi 15 tu. Michoro ya isometriki, ile inayoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja, husimama kwenye nyuzi 30, yaani hatua mbili. Fremu nzima ya mashine unaweza kuichora hivyo bila hata gridi. Ukiitaka gridi, ingia kwenye sifa za hati uchague ya aksonometriki. Inakuja na nyuzi 30 pande zote mbili. Halafu washa mnaso kwa alama ya %, ncha za mistari zishikane zenyewe. Bila mnaso pembe itaonekana imefunga, ukikuza unakuta mwanya.

Duara ndilo lenye elimu. Puli ikitazamwa kwa pembe huwa duaradufu, na wengi huikadiria kwa macho, ndiyo maana kwenye vitabu vingi puli zinaonekana kama ungo uliokaliwa. Hesabu yake ni fupi. Kwenye isometriki, kipenyo kirefu cha duaradufu ni mara 1.22 ya kipenyo halisi, kifupi ni mara 0.71. Puli ya milimita 100 inakuwa 122 kwa 71. Kipenyo kifupi hulala sambamba na shafti, kirefu huikata kwa pembe mraba. Kwa hiyo shafti ikipanda kwa nyuzi 30, chora duaradufu iliyolala, kisha izungushe nyuzi 60 ukiwa umeshika Ctrl.

Hapa programu ina mtego. Upana na kimo unavyoviona ukitumia mshale vinajumlisha unene wa mstari. Ukiandika 122 na mstari wako ni wa milimita 0.7, duaradufu yenyewe imebaki 121.3. Kwa kipande kimoja huoni kitu, lakini panga beringi, puli na shafti mfululizo uone vitakavyogoma kukaa. Dawa ni kuingia kwenye mapendeleo ya programu na kuchagua sanduku la kijiometri, yaani kipimo kisichohesabu unene wa mstari, au uandike nusu vipenyo, 61 na 35.5, kwenye mwambaa wa zana ya duara. Kwa nini haikupangwa hivyo tangu mwanzo, mimi sielewi.

Kwenye mwambaa wa mshale kuna pia kitufe kinachofanya unene wa mistari ubadilike unapokuza au kupunguza kipande. Kizime. Mimi mstari wa nje nauweka 0.7 na wa ndani 0.35, na tofauti hiyo ndiyo inayomwonyesha msomaji kipande kimoja kinaishia wapi.

Nyundo huwa nachora moja tu. Alt na D zinanipa nakala pacha, na karakana ikibadilisha tundu la nyundo, nagusa ya kwanza tu, nyingine zote zinafuata. Ctrl na D hutoa nakala ya kawaida isiyofuata chochote. Na mstatili, kabla ya kuuvuta nodi zake, ugeuze kwanza kuwa njia, yaani mstari wa nodi za kawaida, kwa Ctrl, Shift na C.

Upungufu? PDF inayotoka ni ya rangi za skrini, siyo zile wino nne za chapa. Stesheneri haitajali, lakini kiwanda cha ofseti kinaweza kukurudishia kazi. Halafu hii siyo programu ya usanifu wa vipande: haijui kwamba boliti imeingia kwenye tundu, na ukitaka kuonyesha mashine kwa upande wa nyuma, unachora upya. Mashine ikiwa na vipande vingi naiunda kwenye FreeCAD, ambayo ndiyo programu ya usanifu wa vipande, naitoa kama SVG, kisha naifungua Inkscape na kukaa na zana ya nodi nikifuta mistari isiyomsaidia mwendesha mashine, ambayo mara nyingi ndiyo mingi zaidi.