Uzoefu wangu: Gear 5 ya Luffy, sehemu za 1071 na 1072 za One Piece

Nimetazama anime (katuni za Kijapani) nyingi za mapigano, na sijaona pambano kubwa lililochorwa kwa kuchekesha kiasi hiki bila kupoteza uzito wake. Nazungumzia sehemu ya 1071 ya One Piece, anime ndefu ya maharamia, iliyoonyeshwa Japani tarehe 6 Agosti 2023, pamoja na ya 1072 iliyofuata mwezi huohuo. Mashabiki wengi walizipokea kwa mabishano ya nguvu: nani sasa anampiga nani, nani amebaki nyuma. Mimi kilichonishika ni mkono wa mchoraji, na ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Kama hujafika Wano, nchi ambamo pambano hili linatokea, jua kwamba naeleza yote. Luffy, steringi wetu mwenye mwili wa mpira, anapigana na Kaido juu ya paa la ngome ya kisiwa cha Onigashima. Kaido ni jitu linaloweza kugeuka joka la buluu, na kwa muda mrefu tumeaminishwa kwamba hakuna wa kumuua. Katikati ya pambano jasusi wa serikali anaingilia, Luffy anazubaa kidogo tu, anakula rungu la Kaido na kuanguka. Wenzake hawamsikii tena. Kaido anashuka chini kutangaza ushindi. Kisha moyo wa Luffy unaanza kudunda kwa mdundo wa ngoma, na anaingia Gear 5, umbo lake jipya la nguvu.

Hapo ndipo uchoraji unapobadilika, na haubadiliki kwa kishindo kama tulivyozoea. Katika anime nyingi steringi akipata nguvu mpya anapiga yowe, misuli inatutumka, mawe yanapaa, uso unakuwa mkali. Luffy analegea. Mwili wake unaanza kuyeyuka pale alipolala, umbo linapoteza mipaka, halafu kinachotokea kwanza ni tabasamu. Nywele zinageuka nyeupe, nguo zinageuka nyeupe, mvuke unamzunguka mabegani, na anacheka. Anacheka tu. Mtu aliyekuwa amekufa dakika moja iliyopita anacheka kwa sababu anajisikia huru, na mchoraji amempa mdomo unaochukua karibu nusu ya uso.

Kule chini Kaido bado anajitangazia ushindi. Mkono mkubwa kupindukia unatokea, unamshika joka mzima mzima na kumvuta kurudi juu. Nilirudia kipande hiki mara nyingi ili nione kimechorwaje. Joka la Kaido lina magamba, ndevu, pembe, kila kitu kimewekwa kwa mistari mizito ya kalamu, mtindo ambao kikosi cha Toei, studio inayotengeneza anime hii, kiliutumia tangu simulizi ya Wano ilipoanza mwaka 2019, wakati Tatsuya Nagamine alipokuwa miongoni mwa walioiongoza. Mkono wa Luffy hauna hata kimoja kati ya hivyo. Ni vidole vinene, laini, vya mviringo, vya katuni ya watoto. Vitu viwili vya dunia mbili tofauti vimegusana ndani ya picha moja, na ile laini ndiyo inayoshinda. Nilicheka kwa sauti, na wakati huohuo nilisisimka mwili mzima.

Eiichiro Oda, aliyeanza kuchora manga (hadithi ya michoro ya kusoma) ya One Piece mwaka 1997, amewahi kusema kwamba kwenye Gear 5 alitaka mapigano ya kufurahisha kama ya Tom and Jerry. Ukilijua hilo unaona kila kitu. Wengi wetu tumekua na paka yule na panya yule kwenye runinga ya sebuleni, tena bila kuhitaji mkalimani kwa sababu hawasemi sana. Walibuniwa na William Hanna na Joseph Barbera, na walianza kuonekana mwaka 1940. Kanuni zao tunazijua kwa moyo: ukipigwa kichwani kichwa kinachukua umbo la kilichokupiga, ukikimbia miguu inazunguka kwanza papo hapo kabla mwili haujaondoka, ukishtuka macho yanaruka nje ya kichwa. Luffy wa Gear 5 anaishi kwa kanuni hizo. Anakimbia hewani. Rungu la Kaido linapompata, kichwa kinabonyea na kuvimba badala ya kupasuka.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwa katuni ya Kijapani? Runinga ya Japani ilijifunza kubana matumizi mapema sana. Osamu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy tarehe 1 Januari 1963, kila wiki sehemu mpya, haikuwezekana kuchora kwa wingi kama studio kubwa za sinema za Marekani. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, lakini katuni za Kijapani mara nyingi hutumia mchoro mmoja kwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo michoro 12 au 8 kwa sekunde, na mahali pengi uso unabaki palepale huku mdomo peke yake ukifunguka na kufunga. Kutokana na ubanaji huo Wajapani walikuza ucheshi wao wenyewe, nao naupenda sana: uso uliogandishwa. Tone kubwa la jasho pembeni ya kichwa, kimya cha sekunde mbili, macho yaliyogeuka nukta.

One Piece yenyewe ina mfano bora wa ucheshi huo. Mnamkumbuka Enel, yule aliyejiita mungu kule Skypiea kwa sababu alikuwa na nguvu za radi? Alipompiga Luffy kwa umeme na kukuta haumdhuru, kwa kuwa mpira haupitishi umeme, uso wake ulichorwa macho yametoka pima, taya limeanguka, makamasi yananing'inia. Mchoro mmoja tu, umesimama, na mpaka leo watu wanautumiana kwenye magrupu ya WhatsApp kama stika. Huo ni ucheshi wa picha iliyotulia. Gear 5 ni ucheshi wa picha isiyotulia hata kidogo, na kwa jicho langu uzuri wa sehemu hizi mbili ni kwamba zimeweka aina zote mbili uwanja mmoja. Kaido ni mzito, anasimama, anaongea, anachorwa kwa utulivu. Luffy hachorwi mara mbili kwa umbo lilelile.

Kuna kipande Kaido anavuta pumzi na kumtemea Luffy moto. Luffy anaikamata sakafu ya paa, jiwe gumu kabisa, na kuinyanyua ikawa inavutika. Moto unaingia kwenye ile sakafu ya mpira, unaisukuma ndani, inavimba, inafika mwisho wake, halafu inarudi na kumpiga Kaido mwenyewe usoni. Angalia muda uliotumika. Wachoraji hawakuwa na haraka ya kuurudisha moto. Wameiacha sakafu ivutike mpaka uanze kujiuliza itakatika, na pale unapohisi inatosha, wameongeza kidogo tena. Mchekeshaji yeyote wa jukwaani anakijua kipimo hicho. Ukirudisha mapema hakuna kicheko, ukichelewa hadhira imeshaondoka.

Halafu tazama Kaido. Macho yanamtoka nje ya kichwa, ulimi nje, kila kitu. Hili ndilo lililonifanya niandike. Katika mapigano mengi yenye vichekesho, mchekeshaji ni mmoja na wengine wanabaki kwenye hali yao ya kawaida. Hapa nguvu ya Luffy inamgeuza hata adui kuwa mhusika wa kuchekesha. Mfalme wa kutisha ambaye tumemwogopa kwa zaidi ya sehemu mia moja anachorwa kama paka aliyekanyaga reki, na hana la kufanya, kwa sababu yuko karibu na Luffy. Kichwa cha sehemu ya 1072 kinauita uwezo huu wa kipuuzi, na wazee wale watano wa serikali ya dunia wameuficha kwa karne nyingi kwa kubadilisha jina la tunda lililompa Luffy mwili wake wa mpira. Ukiona macho ya Kaido unaelewa walichokuwa wanakiogopa. Nika, mungu wa jua ambaye tunda hilo linambeba, alikuwa tumaini la watumwa, na alikuwa mtu wa kuchekesha watu. Mtawala anayetisha akishachekwa, vitisho vyake vinaanza kuisha nguvu. Oda ameliweka wazo hilo kwenye mistari ya kalamu, bila hotuba.

Baadaye Kaido anammeza. Luffy anajijaza upepo humohumo tumboni, joka linavimba na kuwa duara lenye miguu midogo. Anatoka, anakua mkubwa, anamshika Kaido na kuanza kumrukia kama watoto wanavyoruka kamba shuleni. Ni kamba yenye magamba na pembe, inayolia kwa maumivu. Kipande hiki nilimwonyesha mama yangu mdogo, ambaye hajui Luffy ni nani wala Kaido ni nani, na hakuhitaji maelezo. Alicheka, akauliza, "Huyo nyoka kamkosea nini mwanangu?" Mchoro ukijieleza hivyo kwa mtu asiyejua lolote kuhusu hadithi, kazi imefanywa.

Nisisahau kwamba kuna gharama. Nguvu zinapomwishia, Luffy ananyauka, anakunjamana na kuwa mzee mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Nao ni mchoro wa kuchekesha, ila mikono inatetemeka na unaona kweli kwamba kijana huyu anautumia uhai wake. Anaulazimisha moyo wake udunde tena, ngoma inarudi, na kicheko kinarudi. Mabadiliko haya kutoka kicheko kwenda huzuni na kurudi yanapita haraka sana, na hakuna hata moja linaloonekana la kulazimisha.

Yapo yasiyonifurahisha. Watengenezaji wamependa mno mianga. Kuna nyakati mng'ao, radi na moshi wa rangi vinafunika michoro yenyewe, na mimi nilitaka kuuona mstari, si taa. Mwenye macho yanayosumbuliwa na mwanga unaomweka ajihadhari, apunguze mwangaza wa skrini. Mwendo nao ni ule wa One Piece ya kila wiki: kuna marudio ya yaliyopita, kuna nyuso za washangaaji zinazokatiza pambano pale ambapo ungependa liendelee. Aliyezoea anime fupi zenye sehemu kumi na mbili kwa msimu atachoka. Manga, ambayo Gear 5 ilitokea kwenye sura ya 1044 mwaka 2022, inakwenda mbio zaidi na haina moshi wowote, kwa hiyo anayetaka mstari mtupu aisome pia.

Wapo waliolalamika kwamba utani umeharibu pambano zito. Nimewasikiliza na sikubaliani nao. Mpira ulikuwa utani tangu siku ya kwanza. Kijana anayevuta shavu lake, anayejipuliza kuwa puto ili kurudisha risasi ya mzinga, alikuwa katuni ya kuchekesha miaka yote. Tulichofanya sisi ni kuzoea. Gear 2 na Gear 4 zilimfanya awe mkali, zikamsogeza karibu na mashujaa wengine. Gear 5 imemrudisha kwenye asili yake akiwa mkubwa zaidi.

Kuhusu namna ya kutazama: chagua sauti ya Kijapani yenye maandishi chini. Mayumi Tanaka, mama aliyezaliwa mwaka 1955, amekuwa sauti ya Luffy tangu anime ilipoanza mwaka 1999, na kicheko chake katika sehemu hizi kinakwenda sambamba na michoro: kinapanda, kinakatika, kinapasuka upya. Usitazame kwenye simu yenye skrini ndogo kama una njia nyingine, maana vitu vingi vinatokea pembeni ya picha. Kama kifurushi chako cha intaneti ni kidogo, ni bora ushushe sehemu hizi mbili kwa ubora wa juu kwenye huduma halali unayolipia kuliko kutazama kumi zenye ukungu. Anza na 1070 ili umwone Luffy akianguka, kwa sababu kicheko cha 1071 kinadai uwe umeogopa kwanza. Ukimaliza, rudi kwenye kipande cha sakafu ya mpira, punguza kasi hadi nusu, na utazame jinsi umbo la Luffy linavyobadilika mchoro hadi mchoro. Baadhi ya michoro hiyo ikisimamishwa peke yake haifanani na binadamu, ina mikono mitatu au uso uliovutwa kama lami, na bado ikikimbia unaona mtu mmoja, anacheka.