Seti ya dramu za umeme ya bei nafuu: angalia sneya, haihati na kiki kwanza, milio baadae

Kosa nililofanya kwenye seti yangu ya kwanza ya umeme ndio naliona kila siku kwa watu wanaouliza wanunue ipi, mtu anahesabu milio. Moduli, ile boksi inayotoa sauti, imeandikwa ina milio mia nne na kitu, anafurahi, halafu baada ya wiki anatumia miwili mitatu tu na kinachomsumbua ni mkono, mguu na sneya (ile dramu kuu ya mbele yako) ndogo ambayo ukingo wake hata haushiki pigo vizuri. Milio unaweza kubadilisha, karibu seti zote siku hizi zina USB, unachomeka kwenye kompyuta unapigia programu kama EZdrummer na unapata dramu zilizorekodiwa studio. Pedi, zile unazozipiga, ndio huwezi kubadilisha bila kununua upya.

Ngozi kwanza. Roland walipotoa V-Drums zao za TD-10 mwaka 1997 ngozi ya meshi, ule wavu, ilikuwa kitu cha gharama kubwa, leo ipo mpaka kwenye seti za wanaoanza, kwa hiyo sioni sababu ya kukubali raba kwenye sneya. Raba inarudisha fimbo kwa nguvu yake yenyewe, mkono unazoea kusaidiwa, siku ukikaa kwenye dramu za kawaida roll, yale mapigo ya haraka mfululizo, inakukatikia katikati. Na raba inapiga kelele zaidi chumbani.

Haihati, yale matoazi mawili ya kufungua na kufunga kwa mguu, ndio inaumbua seti za bei ndogo. Nyingi ni pedi imesimama tu na pedali iko pembeni, sasa kufungua nusu, ile sauti ya shhh inayobeba wimbo mzima, inatoka kwa kurukaruka. Ukipata nafasi ya kujaribu kabla ya kununua, usicheze mbwembwe, fungua na kufunga haihati taratibu huku unapiga, utajua kila kitu hapo.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja naweka Roland TD-17KVX iliyotumika. Ilitoka 2018, sneya ni ya inchi 12, haihati ya VH-10 inakaa kwenye stendi ya kweli na inacheza juu chini kama yenyewe. Ilipokuwa mpya haikuwa bei nafuu, ndio maana nasema iliyotumika, ila kagua kila pedi kwa mapigo ya chini kabisa, uone kama inashika, na angalia nyaya. Stendi ya haihati na pedali ya kiki, ile dramu kubwa ya kupiga kwa mguu, zinauzwa kando kwahiyo muulize muuzaji kama anazitoa pamoja.

Namba mbili, Roland TD-07KV. Pedi ni ndogo, sneya inchi 8, na hilo linaniuma kweli, lakini inavyosikia mapigo madogo madogo ya katikati ya biti ni safi, na kiki ni pedi ya kusimama unayoipiga kwa pedali yako mwenyewe.

Tatu ni Alesis Nitro Max. Kwa mwenye hela kidogo hii ndio ningemwambia achukue bila kufikiria sana, sneya ya meshi inchi 10, tomu (dramu za pembeni) tatu za inchi 8, krashi, toazi la mshindo, ukiishika inanyamaza. Haihati ndio udhaifu wake.

Nne, Yamaha DTX452K. Moduli ina mazoezi mazuri ya kukaa kwenye tempo na imejengwa imara, ila pedi ni raba, basi. Ile ndogo yake ya DTX402K ina kiki isiyo na nyundo, unakanyaga hewa tu, mguu haujifunzi kitu, mimi siichukui.

Mambo mawili watu wanasahau. Bluetooth, kwa moduli zilizo nayo, ni ya kupokea muziki kutoka kwenye simu, hedifoni zako ziwe za waya, maana zisizo na waya zinachelewesha sauti na huwezi kupiga hivyo. Na kama unakaa ghorofani, jirani wa chini hasikii sneya, anasikia kiki inayopita kwenye sakafu, kwa hiyo tenga hela ya ubao mnene uliowekwa juu ya mipira ya tenisi, seti nzima ikae juu yake.