Mbegu za karoti "safi 100%": nyota 2 kati ya 5

Naanza na mazuri maana sio vizuri kuponda tu. Mbegu zinaota haraka, pakiti imefungwa vizuri, ndani hamna vumbi wala mbegu za majani mengine. Kama unapima mbegu kwa kuota peke yake hizi ungezipa tano.

Shida inaanza zikishakua. Katikati ya tuta unakuta mche mmoja mmoja umechangamka kuliko wenzake, halafu hata msimu haujaisha unarusha bua la maua juu. Ung'oe sasa uone, mzizi mweupe, mwembamba, umegawanyika gawanyika huko chini, na ukiukata kisu kinakutana na mti mtupu.

Nikawaandikia wauzaji, wakajibu eti baridi ndio imefanya zitoe maua. Haya, ni kweli karoti ikipigwa na baridi ikiwa changa inaweza kutoa maua kabla ya wakati wake, lakini baridi haigeuzi karoti ya chungwa ikawa nyeupe jamani! Ukiona vyote viwili kwenye mmea mmoja jua kwamba kule walikozalisha mbegu chavua ya karoti pori iliingia.

Na kuingia ni rahisi mno. Karoti pori na ya shambani ni spishi moja, Daucus carota, zote zina kromosomu 18 na zinazaana bila kikwazo. Tena ua la karoti linamwaga chavua yake kabla sehemu ya kike haijawa tayari, kwa hiyo linasubiri chavua ya jirani, na mdudu aliyetoka kwenye gugu la pembeni ya barabara hana habari na mpaka wa shamba lako. Weupe wa mzizi wa karoti pori nao unatawala rangi ya chungwa, ndio maana chotara wa kwanza tu anajianika. Wazalishaji makini wanatenga shamba lao kilomita nzima au zaidi na kufyeka karoti pori za karibu kabla hazijachanua. Kwa macho hizo mbegu huwezi kuzitenganisha, sawa, ila kampuni inaweza kuotesha sampuli ya kila loti, yaani kila fungu la mbegu lililozalishwa pamoja, kabla haijauza, au ikapima DNA. Hawa sidhani kama walifanya lolote.

Sasa kuna jamaa kaniambia dawa ni kuzitokomeza karoti pori zote duniani tupumzike. Hapana, hapo tunatofautiana. Hizo mbegu za haibridi anazozisifia yeye, yaani za kuchanganya aina mbili kwa makusudi, zinahitaji mmea mama usiotoa chavua, na ugumba mmojawapo unaotumika sana kwenye karoti uligunduliwa mwaka 1953 kwenye karoti pori huko Marekani, yaani gugu hilo hilo! Kwenye mpunga ndio usiseme. Virusi vya kudumaza mpunga viliposumbua Asia, IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, ilipekua maelfu ya sampuli mpaka kinga ikapatikana kwa Oryza nivara, mpunga pori kutoka India, na aina maarufu ya IR36 iliyotoka 1976 ilibeba kinga hiyo. Mazao yetu yamechaguliwa na watu kwa muda mrefu mpaka jeni nyingi zimebaki porini, ukifuta pori siku ugonjwa mpya ukija utazitoa wapi? Kwa hiyo mimi sina ugomvi na karoti pori, ugomvi wangu ni na aliyeandika 100% kwenye pakiti.

Ununue au usinunue? Kama unataka mizizi ya kula tu nunua, nyingi ni karoti za kawaida na tamu, ila kila inayorusha bua ing'oe mapema. Kama wewe ni wa kujiwekea mbegu za msimu ujao achana nazo kabisa, maana hao machotara wanachanua mapema na ukizubaa unawavuna wao. Pakiti haina hata namba ya loti, sasa hata ukitaka kulalamika utalalamikia loti gani. Wakiiweka, na wakaandika shamba la mbegu lilitengwa umbali gani, nitawaongezea nyota.