Meko ya gesi kwa nyumba za nyanda za baridi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayeishi Limuru, Nyahururu, Njombe au Makete hahitaji kuelezwa baridi ya Juni hadi Agosti. Nyumba nyingi mpya za huko sasa zinaachiwa nafasi sebuleni kwa ajili ya meko ya gesi inayojengewa ndani ya ukuta, na sababu zinaeleweka: unaachana na kupasua kuni, kuzoa majivu na kufuta masizi darini, na moto unauzima dakika ileile mnapokwenda kulala. Ni ununuzi mzuri. Ila dukani utaonyeshwa mwali, rangi ya magogo ya udongo na rimoti, na ni nadra muuzaji kukueleza habari za bomba. Mimi nakushauri uanze na bomba. Hewa ya kuwashia moto huo itatoka wapi, na moshi wake utakwenda wapi? Aina nilizozipanga hapa chini nimezipanga kwa jibu la swali hilo, uzuri wa mwali nimeuweka nyuma.

Gesi ya mtungi ikiungua vizuri hutoa kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Maji yenyewe ni mengi: kilo moja ya gesi huzaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Yasipotolewa nje, yatatua kwenye vioo vya madirisha na kwenye kuta za baridi, na haitachukua muda kabla ya kuvu mweusi kuota nyuma ya kabati. Hilo ni dogo. Chumba kikipungukiwa oksijeni, au kichomeo kikijaa vumbi, gesi haiungui yote na inazaliwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo hiyohiyo inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi. Kuhama kutoka makaa kwenda gesi hakukuondolei hatari hiyo. Bomba ndilo linalokuondolea.

Nafasi ya kwanza: meko iliyofungwa kioo, yenye bomba la tabaka mbili

Kwenye boksi huandikwa direct vent. Mbele ina kioo kilichofungwa kabisa, na nyuma au juu ina mabomba mawili, moja ndani ya jingine. La ndani hutoa moshi, na nafasi iliyo katikati ya mabomba hayo huingiza hewa safi kutoka nje. Moto wako hauvuti hata pumzi moja ya hewa ya sebuleni. Watoto wakilala kwenye kochi huku meko inawaka, hewa wanayovuta haina uhusiano na moto ulio nyuma ya kioo.

Faida ya pili ni kwamba bomba lake linaweza kutoboa ukuta likatokea nje moja kwa moja, kwa hiyo huhitaji kujenga dohani refu hadi juu ya paa. Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, hapo umeokoa gharama kubwa ya ujenzi. Mdomo wa bomba usikae chini ya dirisha linalofunguliwa, wala karibu na mlango, wala kwenye kona ambayo upepo unazunguka na kurudisha moshi ndani. Umbali kamili umo kwenye kitabu cha meko yako na fundi aufuate, lakini ukimwona anatoboa chini ya sentimita 30 kutoka dirishani, msimamishe mjadiliane. Mdomo ukiwa chini, mahali mtoto anapofika, uwekewe kizimba cha waya, kwa sababu unachoma.

Kioo nacho kinachoma. Kinaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi, na hubaki na moto kwa muda mrefu baada ya mwali kuzimwa, wakati ambapo mtoto anaona hakuna moto tena na anaweka kiganja. Tangu 2015 viwango vya Marekani vinadai meko za kioo cha moto wa aina hii ziuzwe na wavu wa kinga mbele. Uliza kama yako inao. Kama hauna, uagize kabla ya kulipa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwashe meko bila wavu huo.

Ni ghali kuliko zote, na mabomba yake ni gharama nyingine ukiyanunua kando. Usikubali fundi akuambie atakutengenezea bomba kwa bati. Mabomba yawe ya mtengenezaji au aliyoyaidhinisha, maana viungo vyake vina mipira ya kuzuia uvujaji na vimepimwa pamoja na meko hiyo.

Nafasi ya pili: meko ya kuingiza ndani ya dohani la zamani

Nyumba za mawe za enzi ya ukoloni, za Limuru, Nanyuki au Lushoto, zina mahali pa kuni palipokwisha kujengwa. Kwa hizo kuna meko ya gesi iliyofungwa kioo inayosukumwa ndani ya tundu hilohilo, kisha mabomba mawili laini ya alumini yanapandishwa ndani ya dohani hadi juu, moja la kuingiza hewa na jingine la kutoa moshi. Kwa usalama inalingana na ya kwanza. Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu inategemea hali ya dohani lako: lisafishwe masizi yote kwanza, viota vya ndege vitolewe, nyufa zikaguliwe, na tundu lipimwe kabla ya kuagiza, kwa kuwa meko ikizidi sentimita mbili haiingii na dukani hairudishwi.

Nafasi ya tatu: zinazovuta hewa ya chumbani lakini zina dohani

Hapa ziko mbili. Ipo meko yenye bomba moja linalopanda hadi juu ya paa, na yapo magogo ya udongo yenye kichomeo yanayowekwa ndani ya tundu la kuni lililo wazi. Zote hula hewa ya sebule na kutegemea joto la moshi kuupandisha juu. Magogo ya wazi ni mazuri kwa macho, lakini joto lake jingi linatoroka kwenye dohani. Ukiyanunua, yanunue ukijua ni pambo. Kifuniko cha dohani kifungwe kibano kisichoruhusu kujifunga kabisa, moto uwepo usiwepo. Pia ujue kwamba feni ya jikoni inayovuta hewa kwa nguvu inaweza kuurudisha moshi huo sebuleni. Jaribio lake ni rahisi: funga madirisha, washa feni ya jikoni, washa meko kwa dakika kumi, kisha shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na ukingo wa juu wa tundu. Moshi wa udi ukiingia ndani ya tundu na kupanda, sawa. Ukirudi chumbani, zima, na usiwashe tena mpaka tatizo litatuliwe.

Ya mwisho: isiyo na bomba

Utaipata mtandaoni kwa bei nafuu, imeandikwa vent free, na maelezo yake yanasifu kwamba joto lote linabaki ndani. Ni kweli linabaki, pamoja na moshi wote na maji yote. Ina kihisi kinachozima gesi oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18, na wauzaji hukitaja kama jibu la kila swali. Kihisi hicho hupima upungufu wa oksijeni. Hakipimi kaboni monoksaidi, ambayo inaweza kuzalishwa na kichomeo kichafu hata oksijeni ikiwa ya kutosha. Jimbo la California haliruhusu ziuzwe kwa matumizi ya nyumbani, na Kanada haziruhusiwi. Sisi tunaofunga kila dirisha usiku wa Julai hatuna sababu ya kupokea kilichokataliwa huko. Usinunue. Kama unaishi gorofa ya kupanga na huwezi kutoboa ukuta, nunua hita ya umeme ulale salama.

Mwinuko: jambo ambalo boksi halikukumbushi

Meko nyingi zinazoletwa zimerekebishwa kwa miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, Limuru imepita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, oksijeni kwa kila pumzi ni kidogo, na kichomeo kinachopewa gesi ileile kitatoa mwali wa njano mrefu wenye masizi, na kaboni monoksaidi pamoja nayo. Kanuni ya zamani ya Marekani ni kupunguza nguvu ya meko kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 juu ya usawa wa bahari, pale nyumba inapozidi futi 2,000. Kwa mita 2,000 hiyo ni zaidi kidogo ya robo ya nguvu yote. Kazi hiyo hufanywa kwa nozeli (kitundu kinachopitishia gesi kwenye kichomeo) ndogo zaidi au kwa kurekebisha valvu kama kitabu kinavyoelekeza. Mtajie muuzaji mwinuko wa nyumba yako na akupe jibu la maandishi. Asipoelewa unachouliza, nenda duka jingine.

Hapohapo muulize imetengenezewa gesi gani. Zipo zinazokuja na nozeli za gesi asilia ya bomba, na matundu yake ni makubwa mno kwa gesi ya mtungi. Kifaa cha kubadilishia kiwe cha mtengenezaji. Fundi anayetaka kuziba tundu na kulitoboa upya kwa sindano asiguse meko yako.

Ukubwa na ulaji

Sebule ya mita 5 kwa 5 yenye dari inahitaji takriban kilowati 2.5 za joto. Boksi lililoandikwa BTU 30,000 ni karibu kilowati 9, na utaishia kufungua madirisha ambayo uliyafunga kwa sababu ya baridi. Meko ya kilowati 5 inayoweza kupunguzwa mwali inatosha nyumba nyingi. Ikiwaka kwa nguvu zote hula karibu gramu 400 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 13 unakwenda saa 32 hivi, wa kilo 15 saa 37, wa kilo 38 saa 95. Ukiwasha saa tatu kila jioni, wa kilo 13 hautimizi wiki mbili. Piga hesabu hiyo kwa bei ya gesi ya kwenu kabla hujaagiza chochote.

Mtungi mdogo una tatizo jingine. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri. Usiku wa baridi kali mtungi mdogo unaotolewa gesi kwa kasi hutoa jasho, hata kufanya barafu, na mwali unalegea. Mitungi miwili mikubwa iliyounganishwa kwenye regulata moja inaondoa usumbufu huo.

Kuifunga

Mitungi ikae nje, imesimama wima, ndani ya kizimba chenye matundu chini na juu, mbali na madirisha, mifereji na mashimo ya maji machafu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujaa kwenye shimo, ikisubiri cheche. Kutoka kwenye regulata, gesi iingie ndani kwa bomba la shaba au chuma. Mpira uwe kipande kifupi cha kuunganishia mtungi tu, na usipite ndani ya ukuta hata kidogo. Koki ya kufungia iwekwe chumba kilekile cha meko, mahali unapoifikia bila kupitisha mkono mbele ya moto.

Uwazi wa ukutani ujengwe kwa tofali, au kwa fremu ya chuma na ubao wa saruji. Mbao na jasi ya kawaida zikae mbali kwa umbali uliotajwa kitabuni. Uwazi huo uachiwe matundu ya hewa chini na juu, ili joto litoke na gesi ikivuja isijikusanye. Televisheni juu ya meko naiona kila nyumba, na inakufa mapema. Kama lazima, pawepo rafu inayotoka nje kuzuia joto lisipande kwenye skrini.

Umeme ukikatika, meko yenye kimoto kidogo cha kudumu au kiwashio cha betri itaendelea kuwaka. Inayotegemea soketi pekee haiwaki. Iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuwa na feni ya volti 120, na soketi zetu ni za 230 hadi 240.

Nunua vihisi vya aina mbili, si aina moja. Cha gesi inayovuja kikae karibu na sakafu. Cha kaboni monoksaidi kikae juu zaidi, kama maelezo yake yanavyosema, na kingine karibu na vyumba vya kulala. Angalia alama ya EN 50291 kwa cha kaboni monoksaidi na EN 50194 kwa cha gesi, na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana huchakaa hata vikiwa kimya.

Fundi akimaliza, mbakizie sehemu ya malipo. Mwambie afunge mabomba na kuyajaza shinikizo mbele yako, mshale wa geji usishuke, kisha apake povu la sabuni kila kiungo kuanzia mtungini hadi kwenye valvu ya meko. Akuonyeshe pia jinsi kioo kinavyotolewa na kurudishwa, kwa kuwa kila mwaka kabla ya Juni kitafunguliwa ili vumbi na utando wa buibui viondolewe kwenye kichomeo, na mpira wa kuzuia uvujaji ukaguliwe. Kitabu cha meko kibaki nyumbani kwako. Fundi atakayekuja mwakani atakihitaji.