Rangi za injini: nilizopuliza mwenyewe, nilizopeleka kwa fundi, na zipi bado zimeshika

Nimekaa na hizi rangi muda wa kutosha sasa, gari limekula joto, vumbi, mvua na oili ya kumwagika, kwa hiyo naweza kusema ipi imeshika na ipi inanivunja moyo kila nikifungua boneti. Injini yenyewe ni ya kizamani kidogo, bloku ni chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hedi inayokaa juu yake ni alumini, tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa kinachofunika vali, nayo alumini ya kalibu, egzosi manifoldi, yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye hedi, chuma tupu. Nilitaka kava iwe nyekundu kama zile za Honda Type R, zenye ule mkunjokunjo, bloku iwe kijivu, na vitu vidogo vidogo kama breketi viwe na rangi ya kuvutia.

Watu wengi wakiingia dukani wanaanza kuuliza rangi, kuna bluu kuna chungwa, mi nasema anza na joto la hicho kipande. Bloku na tapeti kava zinacheza kwenye nyuzi 90 hadi 120 za sentigredi hivi injini ikiwa sawa, hapo rangi nyingi zinaishi bila shida. Egzosi manifoldi ni dunia nyingine, ukipanda mlima na mzigo inaweza kupita 600, na hakuna nyekundu ya kopo la kawaida itakayobaki nyekundu hapo. Kingine watu wanasahau ni vimiminika, petroli, oili, na hasa breki fluidi ya DOT 3 au DOT 4, ile inanyanyua rangi kama mafuta ya moto yanavyonyanyua ngozi. Kama breki masta, ile pampu yenye kikopo cha breki fluidi, iko juu ya kipande unachotaka kupaka, fikiria mara mbili.

Bloku nilipuliza mwenyewe na spreyi ya inameli ya injini, zile zenye maandishi kwamba zinahimili nyuzi kama 260 hadi 290. Hii kwa kweli imenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Nilikwangua kutu kwa brashi ya waya, nikapiga degriza, dawa ya kukata grisi, mpaka maji ya kusuuzia yakawa yanatoka masafi, nikafuta na tina, nikapiga praima ya joto halafu rangi kwa mikono myepesi. Chuma cha kalibu kinaanza kutu ya njano ndani ya dakika ukikiacha na unyevu, kwa hiyo kausha na hewa ya kompresa na usiende kunywa chai katikati ya kazi. Halafu soma nyuma ya kopo kuhusu muda wa kurudia, makopo mengi yanasema rudia ndani ya saa moja au subiri siku 7, ukipuliza katikati ya hapo rangi ya chini inakunjamana, na sio ule mkunjo wa kupendeza. Mpaka leo bloku iko vizuri, ila pale karibu na filta ya oili imelainika na kung'oka kidogo kwa sababu kila nikibadilisha filta oili inashuka palepale. Uzuri wake ni kwamba nakwangua, napuliza tena, yameisha.

Sasa tapeti kava ndiyo yenye hadithi. Ile nilipeleka kwa mtu wa rangi ya unga, ile inayorushwa kavu kwa umeme halafu inaokwa kwenye oveni nyuzi kama 180 hadi 200 mpaka inayeyuka na kushikana. Kwa ugumu hii ndiyo mshindi, spana imeniponyoka ikagonga kava na alama yenyewe unaitafuta kwa tochi, petroli ikidondoka unafuta tu. Nyekundu imebaki nyekundu. Lakini kabla ya unga wanapiga mchanga kwanza kusafisha, na hapa ndipo nataka usome polepole. Chini ya tapeti kava kuna bati la kuzuia oili isiende kwenye bomba la kupumulia, kwingine limefungwa kwa skrubu, kwingine kwa riveti, na nyuma ya hilo bati kuna uwazi ambao mchanga unaingia wenyewe na hautoki. Nilimwambia jamaa alifungue, akasema ameshapuliza na hewa, iko safi. Nilipoichukua nikaigeuza juu ya karatasi nyeupe nikagonga gonga na mpini wa bisibisi, punje zikaanza kudondoka moja moja, ndogo kama chumvi laini, nikigonga zinaisha, nikigeuza upande mwingine zinaanza tena. Hizo punje zingeshuka na oili mpaka kwenye beringi za krankshafti na hapo injini ni kwaheri. Nikatoboa riveti, nikatoa bati, aisee ule mchanga uliokuwa humo ungejaza kifuniko cha chupa ya soda. Kwa hiyo ushauri wangu bati litoke KABLA, au kava isafishwe kwa dawa ya kuondoa rangi badala ya mchanga. Na hiyo dawa isiwe kostiki soda tafadhali, kostiki inakula alumini yenyewe, utaona inachemka mapovu ukadhani uchafu unatoka kumbe ni kava yako inapungua.

Kitu kingine cha unga ni vitobo. Alumini ya kalibu ina vinyweleo, imekunywa oili miaka yote, ukiipiga unga na kuiweka ovenini ile oili na hewa inatoka kupitia rangi na kuacha vitundu kama uji unaochemka. Fundi anayejua anaoka kipande kitupu kwanza, joto lizidi kidogo lile la kuivishia unga, kinatoa moshi wake wote, kinasafishwa tena ndio unga unapigwa. Huyu wa kwangu hiyo aliifanya na nampa haki yake, kava haina hata kitundu kimoja. Muulize fundi wako hilo swali kabla hujamwachia kipande, akikukodolea macho chukua kava yako uende. Na hakikisha anaziba sehemu ya gasketi na matundu ya bolti, maana unga ni mnene, sehemu ya gasketi ikipakwa haikai bapa na oili itapita tu.

Breketi na vifuniko vidogo vya alumini ya kuchongwa nilipeleka anodaizi, bluu. Hii sio rangi ya kupaka, ni ngozi ya alumini yenyewe inayokuzwa kwenye asidi kwa umeme halafu inanyweshwa rangi, kwa hiyo haibanduki hata ukitaka. Inapendeza sana sana, una ile ng'aro ya chuma chini ya rangi. Tatizo ni kwamba rangi zake nyingi zinafifia kwa joto na jua, bluu yangu iliyo karibu na egzosi imeshaanza kuelekea kijivu wakati ya upande wa pili bado iko vilevile. Halafu usijaribu kupeleka tapeti kava ya kalibu huko, alumini ya kalibu ina silikoni nyingi na inatoka na mabaka ya kijivu. Chuma cha kawaida ndio usiulize kabisa, anodaizi ni ya alumini na wenzake wachache kama titaniamu.

Egzosi manifoldi nilitumia rangi ya kopo ya moto mkali, VHT FlameProof nyeusi, hii sio ya kupuliza na kuondoka, inataka kuivishwa kwa ngazi, kopo linataka nyuzi kama 120 nusu saa, ipoe, 200 nusu saa, ipoe, halafu 315. Unaweza kuivisha ikiwa kwenye gari kwa kuwasha na kuzima, ila oveni ni bora, na isiwe oveni ya kupikia chakula jamani. Kabla ya kuivishwa inakwanguka kwa kucha, baada ya hapo imeshika, japo nyeusi imekuwa kama ya mkaa na kwenye maungio kutu inachungulia. Kama una nafasi peleka ikapakwe rangi ya seramiki kabisa, mi sikupeleka. Na ukisafisha chuma kinachoenda kupata moto mkali usitumie breki klina yenye klorini, mvuke wake ukikutana na joto kali unatoa gesi ya fosjini, hiyo inaua kweli.

Kuna wanaosema nyeusi inapoza injini zaidi kuliko nyeupe. Kwa joto la injini karibu rangi zote zinatoa joto sawasawa, kinachotofautiana ni alumini tupu iliyong'arishwa, ile ndiyo inabana joto. Chagua unayoipenda. Mi kijivu cha bloku nilikichagua kwa sababu oili ikivuja inaonekana siku hiyohiyo, na ndivyo nilivyoona sili ya mbele ya kranki inavuja mapema. Kwenye bloku nyeusi ningegundua ikishafika kwenye feni belti.

Ah na acha bila rangi sehemu unapofungwa waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Unga hasa, hauachi umeme upite, unafunga kila kitu vizuri halafu stata inajivutavuta unaanza kulaumu betri.