Kozi ya mawasiliano kwa manesi wa watoto njiti: siku ya kwanza nendeni, ya pili bebeni mto

Huu ni mwaka wangu wa saba wodi ya watoto njiti. Mwezi uliopita tuliingia mifukoni wenyewe, elfu 60 kila mtu, tukaenda kozi ya siku mbili ya mawasiliano na ustawi kazini. Jina la waandaaji nabaki nalo, maana nina ya kulalamikia.

Nianze na walichokipatia. Kuna mtindo wa kumpigia daktari simu kwa hatua nne: kuna nini sasa hivi, mtoto ametokea wapi, wewe unaonaje, unataka nini kifanyike. Ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la Marekani ndipo ukaingia hospitalini. Mimi nilizoea kusema, "Daktari, yule wa kitanda namba nne simwelewi." Anajibu, "Haya, nakuja," kunakucha. Wiki iliyofuata, saa nane usiku, nikasema: "Pacha wa pili, siku ya tatu, gramu 1,200. Ameacha kupumua mara mbili ndani ya saa moja, oksijeni imeshuka hadi 80. Naomba uje sasa." Alifika na kandambili.

Zoezi la dawa ndilo lililonitoa jasho. Mmoja anataja, mwenzake anarudia kwa sauti kabla hajavuta dawa kwenye sindano: jentamaisini, miligramu tatu nukta sita. Wakatuwekea milio ya mashine, ile ile ya wodini, na mwenzangu akarudia "thelathini na sita". Mara kumi! Dawa yenyewe ile inayokula figo na masikio. Darasa zima kimya.

Halafu igizo la mama anayeuliza, "Sista, mwanangu atapona?" Wote tuna jibu moja, "Tumuombe Mungu, mama," huku mguu uko mlangoni. Tukaambiwa tuvute kiti kwanza. Nimejaribu. Hata kama sina jipya zaidi ya kwamba leo mtoto amepokea maziwa mililita tatu bila kutapika, mama analegeza mabega.

Siku ya pili, ya ustawi, ndiyo ya mto. Tulijaza dodoso la Christina Maslach la 1981, maswali 22 ya uchovu wa kazi, karatasi zikakusanywa, majibu hatukuyaona tena. Kilichobaki ni vuta pumzi, kunywa maji, usingizi wa kutosha. Usiku niko peke yangu na watoto 18, nilale wapi? Nikajibiwa hilo ni la uongozi. Chakula cha mchana kilifika saa kumi, na cheti changu kina jina la mtu mwingine.

Nyota tatu, zote za siku ya kwanza. Mkienda, mburuteni na daktari mmoja wa zamu. Sisi tulikuwa manesi watupu, ikabidi sehemu ya daktari anayekata simu aigize sista wetu mkuu, na aliiweza kupita kiasi.