Boti ya RIB mita 6.5 baada ya msimu mzima: tyubu zimekaa chini mno

Hii boti ya RIB, yaani kitako kigumu chenye tyubu za upepo ubavuni, tuliinunua mtumba mwaka jana kwa ajili ya wageni wa kupiga mbizi hapa Zanzibar, mita 6.5, kitako cha faiba chenye V kali, tyubu za Hypalon (aina ya mpira mgumu), mashine nguvu za farasi 150. Jina la kiwanda silitaji wala la aliyetuuzia, ila wewe unayetafuta boti ya namna hii kabla hujauliza bei angalia kwanza tyubu zimebandikwa wapi, juu au chini, maana humo ndo mna tabia yote ya boti.

Siku ya kuijaribu tulikuwa watu wawili tu na mafuta nusu tangi, ikapanda juu ya maji mara moja, kona inakata vizuri kabisa, nikaridhika nikalipa. Sasa kazini tunapakia wageni 8 na mitungi 16 ya hewa ya alumini, mmoja kilo kama 14, hapo bado mikanda ya uzito ya madini ya risasi wanayovaa kuzamia, bado nanga, bado sisi wenyewe. Boti ikashuka vidole vinne na tyubu zilizokuwa zinagusa maji tu zikalala ndani. Ukiiona ufukweni maji yakikupwa utaona ule mstari wa utando wa kijani ubavuni, upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, umepanda kiganja kizima kwenye tyubu.

Tyubu zinatakiwa ziguse maji boti ikiwa imesimama, hasa tezi, ili wageni wakipanda ngazini upande mmoja isilale. Ikishapata mwendo zitoke, boti ikimbie kwa kitako chake cha faiba. Za kwetu hazitoki. Inachelewa kupanda, mashine inalia, mafuta yanakwenda, na kwenye viwimbi vya ubavuni tyubu zinadunda pa pa pa kabla V haijawahi kulikata wimbi, migongo ya wageni inaumia.

Wakati wa upepo wa kusi ndo mbaya zaidi. Kwenda kisiwa cha Mnemba kutoka Nungwi tunapigwa usoni, hiyo tunaivumilia, lakini kurudi wimbi liko nyuma, boti inateremka mbele ya wimbi, omo (pua ya boti) inachota, tyubu ya upande mmoja inashika maji na tezi inatupwa pembeni, usukani unageuza na boti haisikii mpaka wimbi lipite. Mwezi wa 7 ilitokea hivyo na mgeni mmoja alikuwa amekaa juu ya tyubu, nilimdaka fulana. Tangu siku hiyo kurudi kote wanakaa chini sakafuni na mie napunguza mwendo nabaki mgongoni kwa wimbi.

Sisemi tyubu za juu ndo dawa. Mwenzangu Kendwa anayo ambayo zimebandikwa juu sana, ikikimbia ni raha tupu, kavu, mafuta kidogo, lakini ikisimama inalala upande mpaka tyubu ipate maji, na wageni wanne wakishika ubavu mmoja na mitungi mgongoni wanaogopa kweli. Hizi boti zilianzia Atlantic College kule Wales miaka ya 1960 kwa kazi ya kuokoa watu, kwa hiyo kutulia zikisimama ni sehemu ya kazi yake, huwezi kuacha.

Tulichofanya sisi, maana kubandua tyubu na kuzibandika upya ni gharama kubwa: mitungi tumeihamisha kutoka tezi kuja katikati, mafuta hatujazi zaidi ya safari ya siku, na upepo wa ndani ya tyubu napima asubuhi kwa geji, mgandamizo wa 0.25 ba, halafu saa sita boti ikiwa imekaa juani napunguza kwa sababu jua linaujaza na tyubu zinakakamaa. Ukiachia ziwe laini nazo ni balaa, boti inakuwa nzito kama gunia. Kwa mabadiliko haya inapanda haraka kuliko mwanzo, ila kurudi na kusi bado sijaiamini.

Nyota 3 kati ya 5. Hypalon safi kabisa, msimu mzima juani na gundi haijaachia popote, faiba haina ufa. Ukienda kununua nenda na madumu ya maji lita 20 yajaze yafike uzito wa wageni wako na mitungi, yapange kwenye boti, halafu zama mwenyewe uangalie tezi tyubu imeingia kiasi gani. Muuzaji akikataa, ondoka.